Kutafuta Hekima ya Mungu Kabla ya Kuamua: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Hapa Dodoma nimekaa na watu wengi waliofunga, wakakesha, wakalia mbele za Mungu, kisha wakaamua vibaya. Yupo dada aliyemdhamini shemeji yake mkopo, akaishia kulipa yeye. Yupo kijana aliyeuza shamba la zabibu la marehemu baba yake kule Hombolo ili anunue bajaji, na bajaji ikakaa gereji kuliko barabarani. Na mimi nimo; habari yangu utaikuta hatua ya sita.

Wote tuliomba, na tuliomba kwa imani. Ila ukitazama kwa karibu, tulifanya kosa moja: tulimpelekea Mungu barua iliyokwisha kuandikwa, tukasubiri agonge muhuri. Mji wetu ni mji wa ofisi. Tunajua vizuri kwamba anayeingia kuomba ushauri na anayeingia kugongewa muhuri hawakai kwenye kiti kwa namna moja.

Mwongozo huu ni wa maamuzi ya kati, yale yanayokunyima usingizi: kununua kiwanja, kumdhamini mtu, kuacha kazi, kukubali posa, kumhamisha mtoto shule, kurudi kijijini kulima. Kwa bei ya nyanya pale soko la Majengo huuhitaji.

## Mahitaji

Daftari na kalamu. Usitumie simu. Kwenye simu unafuta ulichosema jana bila aibu. Kwenye daftari ulichokata kinabaki kinaonekana, na hicho kilichokatwa ndicho kitakachokusaidia baadaye.

Biblia unayoielewa. Nukuu za hapa ni za Union Version kwa sababu ndiyo tuliyoizoea makanisani. Ukiwa na Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, iwe karibu nawe uilinganishe. Mithali ina Kiswahili kizito, na mara nyingine mstari unafunguka ukiusoma kwa maneno mepesi.

Siku kumi. Sababu utaiona hatua ya pili.

Nauli. Ndiyo, nauli. Kuna mahali itabidi ufike kwa miguu yako.

Majina matatu ya watu wasiofaidika na uamuzi wako. Kama huna hata mmoja, usianze bado. Tumia wiki hii kumtafuta.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Bwana, nionyeshe mapenzi yako katika maisha yangu" ni maombi mazuri, lakini bado hujauliza kitu. Linganisha na hili: "Je, nimdhamini shemeji mkopo wa shilingi 3,000,000, unaorejeshwa kila wiki, wakati yeye anauza alizeti na fedha yake huingia mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno?"

Yule dada alipoliandika swali lake hivi, miezi minane baada ya kulia, aliniangalia akasema, "Kaka, mbona jibu limo humohumo?" Ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Kutamka jambo kwa ukamilifu kunaondoa ukungu, na sehemu kubwa ya ujinga wetu ni ukungu tu.

Swali lako liwe na mambo manne: nani, nini, kiasi gani, mpaka lini.

*Utajua limekaa sawa* pale mtu asiyekujua atakapolisoma na kuelewa kinachoamuliwa bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 2: Andika ulichokwisha kukiamua moyoni

Hapa ndipo tunapoangukia karibu wote, kwa hiyo usipaharakishe.

Fungua Yeremia 42. Yerusalemu imeanguka, liwali aliyewekwa na Babeli ameuawa, na mabaki ya Yuda wana hofu. Wanamjia nabii kwa unyenyekevu mkubwa: tuombee, na jibu likiwa jema au baya, tutalitii. Yeremia anaomba. Siku kumi zinapita. Neno linakuja: kaeni hapahapa, msiende Misri. Nao wanamjibu nini katika 43:2? "Unasema uongo."

Sasa rudi nyuma mpaka 41:17. Utawakuta tayari wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, safari ya Misri imeanza. Mizigo ilifungwa kabla ya maombi kuombwa. Walimwendea Yeremia ili awabarikie safari tu.

Kwa hiyo jiulize mizigo yako iko wapi, na ujibu kwa maandishi:

- Nimeshatoa advansi?
- Nimeshamwambia mama kijijini kwamba jambo limeiva?
- Nimeshachagua rangi ya bati la nyumba ambayo kiwanja chake sijakinunua?
- Nikiambiwa leo "usifanye", nitasikitika kidogo, au nitatafuta mchungaji mwingine wa kuniombea?

Kisha andika kwa uwazi: "Ukweli ni kwamba mimi ninataka ______." Kutaka si dhambi. Mungu hakasiriki kwa kuwa unatamani bajaji. Shida inaanza pale tamaa inapovaa kanzu na kujiita uongozi wa Roho.

*Onyo.* Kama umeshalipa fedha yote na sasa unatafuta mstari wa kukutuliza, mwongozo huu umechelewa. Nenda moja kwa moja hatua ya nane, ukapime namna ya kutoka.

*Utajua umefika* pale utakapoweza kuomba majibu yote mawili kwa sauti, "nifanye" na "nisifanye", na sauti yako isikwame kwenye la pili. Wengine huwachukua siku nne. Bora zichukue.

## Hatua ya 3: Omba, kwa ufupi na kwa jina la kitu chenyewe

"Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa." Hiyo ni Yakobo 1:5. Tunakazia "naye atapewa" tukaruka "wala hakemei". Unaruhusiwa kuja kama mjinga. Hakuna atakayekuuliza mbona hukujua jambo dogo kama hili.

Lakini unaomba nini hasa? Sulemani kule Gibeoni, 1 Wafalme 3, aliomba "moyo wa adili" apambanue mema na mabaya. Kwa Kiebrania maneno yale ni moyo unaosikia. Tazama jinsi alivyoutumia. Walipokuja wanawake wawili wakimgombania mtoto mmoja, hakufunga kula wala kungoja ndoto. Alisikiliza huyu, akasikiliza yule, akarudia kwa sauti kila mmoja alichodai, kisha akatafuta jaribio lililoanika moyo wa kila mmoja. Hekima aliyopewa ilikuja kwa sura ya uwezo wa kuchunguza. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata utaziona kuwa ni kupokea ulichoomba.

Omba kila asubuhi kwa siku zote kumi, dakika chache, ukitaja swali lako kama ulivyoliandika. Mimi hukaa nje kabla jua halijachomoza. Mwezi wa saba upepo wa hapa ni mkali, najifunga shuka la mke wangu, na sala zangu zinakuwa fupi bila kulazimishwa.

## Hatua ya 4: Ondoa yaliyokwisha kujibiwa

Hatua hii ni fupi. Kama jambo lenyewe linahitaji uongo, rushwa, kumdhulumu yatima au kumficha mwenzi wako, funga daftari. Hakuna cha kuombea hapo.

Na upande wa pili ukumbuke: ndani ya mipaka hiyo Mungu ameacha uwanja mpana. Paulo akizungumzia mjane katika 1 Wakorintho 7:39 anasema yuko huru kuolewa na amtakaye, "katika Bwana tu". Amewekewa mpaka mmoja, mengine aamue mwenyewe. Watu wanaohangaika kutafuta *yule mmoja* aliyeandikiwa wao, au *ile shule moja*, wanajitesa kwa kanuni ambayo Biblia haikuwapa.

## Hatua ya 5: Soma Mithali kwa mada, usipige ramli

Mithali ina sura 31, kwa hiyo wengi husoma sura moja kwa siku kufuata tarehe. Ni desturi nzuri ya kila mwezi, nami naifanya. Kwa jambo maalumu fanya hivi: chagua maneno matatu yanayohusu swali lako, mathalani dhamana, haraka, rafiki, kisha pitia kitabu ukinakili kila mstari unaogusa maneno hayo. Unakili kwa mkono. Yule dada wa mkopo angepata 6:1-5, 11:15, 17:18 na 22:26-27, ambapo mdhamini asiye na cha kulipa anaondolewa hata kitanda alicholalia. Mistari minne, yote inaelekea upande mmoja. Hapo mtu hahitaji ishara kutoka angani.

Makosa mawili yanarudiwa sana.

La kwanza ni kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Hiyo ni ramli yenye jalada jeusi. Pacha wake ni kungoja mstari utakaoingia WhatsApp asubuhi kwenye kundi la kwaya. Mstari ule ulitumwa kwa watu 200, na wengine kati yao wanataka kununua, wengine wanataka kuuza.

La pili ni kuchukua mithali moja kama sheria ya nchi. Soma 26:4, halafu 26:5. Mmoja unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Unaofuata unasema mjibu. Nilipokuwa kijana nilidhani mwandishi alisahau. Kumbe ameiweka mistari hiyo pamoja makusudi, ili msomaji alazimike kuuliza: huyu aliye mbele yangu leo ni wa kujibiwa au wa kuachwa? Mithali inakupa macho. Kutazama utatazama mwenyewe.

*Utajua umefika* ukiwa na ukurasa wa mistari kati ya 4 na 10, pamoja na angalau mmoja unaokuudhi. Usipoupata wa kukuudhi, umechagua ya kukupendeza tu. Rudia.

## Hatua ya 6: Nenda ukaone kwa macho yako

Miaka kadhaa iliyopita nilitafutiwa kiwanja pembezoni mwa jiji, upande wa Ihumwa. Serikali ilikuwa imeshahamia, bei zinapanda kila mwezi, na dalali akanipigia: mwenye nacho ana shida, anakitoa kwa bei ya kutupa, ila kuna mteja mwingine anakuja Jumatatu. Ijumaa nikaenda mkesha. Nikaomba kwa nguvu. Jumamosi tukaenda kukiona na mke wangu.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Unaijua Dodoma ya mwezi wa tisa: vumbi, migunga imekauka, ardhi yote tambarare kama meza. Nikaona baraka. Mke wangu akainama, akachota mchanga, akauacha upite katikati ya vidole. Ulikuwa mweupe, laini, kama umechekechwa. Akaniuliza swali moja tu: "Baba, hapa umewahi kupaona mvua ikinyesha?"

Nikamwambia asilete imani haba.

Mwezi wa kwanza mvua kubwa ilipopiga, kiwanja changu kikawa mto. Korongo lilikuwa limelala pale miezi yote ya kiangazi likinisubiri. Na nilipokwenda kulalamika kwa jirani, mzee mwenye ng'ombe wachache, akanionyesha vichaka vya mpakani: majani makavu na vipande vya mifuko vilikuwa vimenasa kwenye miiba usawa wa goti. "Hayo yalikuwepo hata ulipokuja kununua, mwanangu," akasema. "Nilikuona. Lakini hukusalimia."

Yoshua 9 ni hadithi hiyohiyo. Wagibeoni wanakuja na mikate yenye koga na viatu vyenye viraka, wanadai wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli wanaichunguza ile mikate, wanaridhika, na Maandiko yanasema hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Siku tatu baadaye wanagundua watu wale ni majirani. Nikiisoma leo naona wao na mimi tuliikosa hekima kwa milango miwili. Wao walitazama wasiulize Mungu. Mimi niliuliza Mungu nisitazame.

Basi fanya hivi, kwa jambo lolote:

Fika mwenyewe, zaidi ya mara moja. Kama ni kiwanja, fika asubuhi na jioni, na ikiwezekana msimu wa mvua. Tafuta mchanga laini, mizizi iliyoachwa wazi, uchafu ulionasa kwenye vichaka. Kama ni kazi, kaa nje ya ofisi hiyo saa ya kutoka, utazame nyuso zinazotoka. Kama ni shule, fika siku isiyo ya wageni.

Sikia upande wa pili. Mithali 18:17 inasema anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka jirani yake aje kumchunguza. Dalali ni wa kwanza. Mtafute jirani. Na usalimie.

Hakiki karatasi. Kwa ardhi, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa watakuambia wanayemjua kama mwenye eneo, lakini muhuri wa mtaa haugeuki kuwa hati. Namba ya kiwanja na jina la mmiliki vihakikiwe kwenye ofisi ya ardhi. Mke au mume wa muuzaji aje mwenyewe na aweke saini, na ukiambiwa "amesafiri", subiri arudi.

*Onyo.* Ukisikia "kuna mteja mwingine anakuja Jumatatu", mwache aje.

## Hatua ya 7: Waulize watu watatu, kwa namna inayofaa

"Pasipo mashauri makusudi hubatilika, Bali kwa wingi wa washauri huthibitika." Mithali 15:22 tunaijua kwa kichwa. Shida yetu iko kwenye kuchagua washauri. Rehoboamu katika 1 Wafalme 12 aliuliza makundi mawili na akajipa siku tatu za kufikiri, kwa hiyo utaratibu alikuwa nao. Wazee waliomtumikia baba yake wakamwambia awajibu watu kwa upole. Vijana aliokua nao wakamwambia awatishe. Akachagua jibu lililofanana na hasira yake, na makabila kumi yakaenda zao.

Watu wako watatu wawe hivi. Mmoja anayelijua jambo lenyewe: kwa shamba la zabibu, mkulima wa Makutupora aliyevuna na aliyepata hasara. Wa pili anakujua wewe, pamoja na udhaifu wako, na amewahi kukukatalia jambo mbele ya macho yako. Wa tatu ni mtu mzima katika imani, ambaye maisha yake ya nyumbani unayaona. Si lazima awe na cheo. Kwenye jumuiya yetu huwa natuma watu kwa bibi mmoja anayeuza ubuyu na karanga. Hajasoma sana, lakini ukimweleza jambo hunyamaza kwanza, na kile kimya chake peke yake kinafaa nauli.

Mwenzi wako wa ndoa simhesabu kati ya hao watatu. Yeye ni mwenye shauri pamoja nawe. Asiporidhika, jambo halijaiva. Nimelipia somo hili kwa mchanga.

Na jinsi ya kuuliza: mpe daftari asome swali, mistari na ulichokiona. Usimwambie unachotaka. Usiseme "Mungu amenionyesha," kwa sababu hapo umemfunga mdomo. Nani atabishana na Mungu? Uliza, "Mzee, unaona nini ambacho mimi sikioni?" Kisha kaa kimya na uandike. Ukijikuta unajitetea, zungushia duara neno lililokufanya ujitetee. Hapo ndipo penye kidonda.

*Onyo.* Mtu anayeomba fedha ili akupe neno la Mungu kuhusu jambo lako, ana faida kwenye jambo lako. Mfute kwenye orodha kwa heshima. Na aliyepata ndoto kukuhusu, isikilize, iandike, kisha uipitishe kwenye hatua hizihizi kama ushauri mwingine wowote.

## Hatua ya 8: Hesabu, kisha ngoja tarehe

Katika Luka 14:28 anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Mithali 27:23 inamwambia mfugaji afanye bidii kujua hali ya makundi yake, na Mgogo yeyote wa hapa Dodoma mwenye ng'ombe anaelewa hapo hapahitaji mahubiri.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto: jambo likienda vizuri. Kulia: likienda vibaya. Jaza kwa tarakimu. Mkopo wa shemeji ulikuwa na rejesho la 75,000 kwa wiki, wiki 52. Jumla 3,900,000. Upande wa kulia yule dada angeandika: *nikilipa mimi, 75,000 kila Ijumaa kutoka kwenye mshahara wangu, ada ya mtoto wa kwanza inasimama.* Ukiweza kuishi na upande wa kulia bila kumchukia mtu, endelea. Ukiona utamchukia, basi udugu ni sehemu ya gharama na ulisahau kuuandika.

Kama umeshaingia, Mithali 6 haikuachi. Inamwambia aliyejifunga kwa maneno yake aende haraka, ajinyenyekeze, amsihi jirani yake amwachilie, kama paa anavyojinasua mkononi mwa mwindaji. Kutoka kwa aibu leo ni rahisi kuliko kutoka mwakani.

Baada ya hesabu, ngoja mpaka siku ya kumi. Usiombe jipya. Usitafute mshauri wa nne kwa kuwa watatu hawakukufurahisha. Ukitaja tarehe, kungoja kunakuwa kazi. Usipotaja, kunageuka kuwa woga, na woga nao unapenda kujiita uvumilivu.

Ukiwa huna siku kumi. Mambo mengine yanakuja yakiwa moto: mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wako, au bosi amekuandikia ujumbe wenye dharau. Punguza hatua ziwe tatu. Andika jibu lako bila kulituma. Soma Mithali 15:1, "Jawabu la upole hugeuza hasira, Bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Kisha msomee mtu mmoja kwa sauti ulichoandika. Ukiona haya kukisoma, usikitume. Kwa mbuzi, nenda ukaongee kabla jua halijazama, na upeleke majani ya mchicha yaliyobaki kama mazungumzo yatakuwa magumu. Nimejaribu.

## Hatua ya 9: Pima, amua, andika

Siku ya kumi soma daftari lote toka mwanzo, kwa mkao mmoja. Kisha lipime shauri lako kwa Yakobo 3:17: hekima itokayo juu "kwanza ni safi, tena ni ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu, imejaa rehema na matunda mema, haina fitina, haina unafiki." Chukua neno moja moja. Ni safi, yaani kuna sehemu nisiyotaka ijulikane? Nilikuwa tayari kusikiliza, au nilinunia mtu wakati wa kulitafuta? Je, kuna anayeumia ili mimi nifaidike? Neno litakalokwama, rudi kwenye hatua inayolihusu.

Yakipita yote, amua. Usingoje mwili usisimke. Amani ya moyo ni nzuri ikija, lakini nimewaona watu wenye amani kubwa wakiingia korongoni, na nimewaona wengine wakitetemeka huku wakitenda jambo jema. Mithali 3:6 inaahidi kwamba ukimkiri katika njia zako zote "atayanyosha mapito yako". Haitaji popote kwamba utahisi chochote siku hiyo.

Mwisho andika tarehe, ulichoamua, na sababu tatu. Kisha weka alama ya kurudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya msimu mmoja wa mvua. Ukirudi andika mambo mawili tu: nani nilimuuliza, na nani sikumuuliza. Baada ya miaka michache utaona majina yanajirudia kwenye safu ya pili, na utajua nyumba ya kuanzia kubisha hodi.

Daftari langu lina ukurasa wa kile kiwanja, nilioujaza baadaye. Safu ya kwanza: *dalali*. Safu ya pili: *mke wangu, mzee wa ng'ombe*. Kiwanja bado ninacho. Nilipanda mipapai, maji yakaichukua. Sasa tunapanda matembele mvua zikiisha, kwa sababu mchanga ule hushika unyevu mpaka karibu mwezi wa sita, na mzee anatuma mjukuu wake kuchuma ya mboga ya jioni.